Kizazi Kisichopanga Foleni

Wazee wenzangu hapa Eldoret hulalamika kila tukikutana: vijana hawajui kungoja. Mimi sikubaliani nao. Sisi tulingoja kwa sababu njia ilikuwa moja. Pale kwenye vibanda vya simu vya posta, aliye mbele akianza kuulizia ng'ombe na mahindi, wengine tulibana sarafu mkononi hadi zikalowa jasho. Simu ya ng'ambo ilipitia kituo cha Longonot, kilichofunguliwa 1970. Sauti ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti ndipo ishuke, nawe ukasikilizia kimya kabla ya jibu.

Kisha nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na faiba, nyuzi za kioo zinazobeba simu kama mwanga, ikapanda hadi huku kwetu.

Juzi, kando ya Barabara ya Uganda, nilimkuta fundi binti ameketi penye shimo la nyaya. Alibambua uzi wa kioo, akaupangusa kwa spiriti, akaukata, akaulaza kwenye mashine ndogo. Cheche ikaruka, ncha mbili zikawa uzi mmoja. Nikamuuliza uzi huo unabeba simu za nani.

"Za mnara huu, babu, na ule pale, na mingine mbele."

Akanieleza kwa subira, huyo wa kizazi kisichojua kungoja. Kila mnara umepewa rangi yake ya mwanga, rangi ambazo jicho halizioni. Zote hupita pamoja ndani ya uzi mwembamba kama unywele, hazichanganyiki, na mwishoni kifaa huzitenganisha jinsi matone ya mvua yanavyoupasua mwanga wa jua kuwa upinde. Simu zikiongezeka, si lazima barabara ichimbwe tena, huongezwa rangi.

Kwa hiyo vijana hawakuvunja foleni, waliikuta imeondolewa. Kinachonikera ni kingine: mitambo inayozichanganya na kuzitenganisha rangi hizo bado tunainunua nje, ilhali Chuo Kikuu cha Moi kipo hapa tangu 1984.

Binti aliniambia anatamani kurudi shuleni ajifunze kuiunda mitambo hiyo. Eldoret hii imewahi kuuza ng'ombe na kuitisha harambee ili kijana apande ndege akasome Marekani. Wazee, karo ya huyu tuitafute sasa, angali na hamu.