Baisikeli yetu mikononi mwa rafiki

Watu wa Lubumbashi huiita kinga, nasi nyumbani twaiita vivyo hivyo. Lakini hapa tutaiandika baisikeli, ili wasomaji wa mbali wasipotee. Yetu si ile nzito ya wauza makala, ambayo hupakiwa magunia hata mwenyewe akiisukuma haonekani nyuma yake. Ni baisikeli ya mbio: nyepesi, matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Ilitoka Ubelgiji ndani ya kontena, katikati ya majokofu na magodoro ya zamani, nasi tuliinunua mwaka 2019 kwa akiba ya miezi minane. Mama wa watoto wetu aikumbuka miezi hiyo kuliko sisi.

Hatuendi nayo kazini. Twaipenda tu, na neno hilo huwashangaza watu, kwa maana kwetu baisikeli ni mtumishi. Hubeba makala, mihogo, mgonjwa, hata jeneza. Huko Kisangani vijana wengi waliishi kwa kubeba watu juu ya baisikeli ziitwazo toleka. Wengine hawakuwa na baisikeli yao wenyewe, wakaikodi kwa mwenye mali na kumpelekea malipo yake kila jioni. Kukodisha kwa ajili ya kazi, basi, si jambo geni. Lakini kumkodisha mtu aitakaye kwa furaha tu, apande hadi Kipushi na kurudi bila kubeba hata kitunguu kimoja, hilo ni jambo jingine, nalo ndilo lililotupata.

Kila Dominika baada ya Misa ya kwanza twakutana watu watano au sita, wapenzi wa baisikeli wote, tukashika njia ya Kipushi. Ni kilometa 30 hivi, hadi mji ule wa mgodi ulio mpakani mwa Zambia. Mgodi wake ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Twaondoka mapema kabla malori hayajaamka. Njiani twapishana na watu wa makala, nao hutucheka. Wana haki.

Kisha ulifika mwezi wa Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya baisikeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na vijana wa mtaa wetu wakajazana mbele ya televisheni. Wakamwona Tadej Pogačar wa Slovenia akiwaacha wenzake wote vilimani, na Mbelgiji Remco Evenepoel akimfuata wa pili. Zaidi ya kilometa 260 kwa siku moja! Tangu wiki ile lango letu halikupumzika. Mwalimu mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, alikuja wa kwanza. Wakafuata wengine: mshona nguo, muuguzi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Wote walitaka kuonja baisikeli ya mbio, na katika mtaa mzima ilikuwa moja tu.

Mwanzoni tuliwaazima bure. Ilirudi na matope. Ilirudi na mnyororo mkavu kama kamba ya kuanikia nguo. Mara moja ilirudi na vali iliyokatika, kwa maana vali za matairi hayo zina kichwa chembamba ambacho lazima kifunguliwe kwa vidole kabla ya kutia upepo, na kijana alikuwa ameisukuma pampu kwa nguvu zake zote. Tukasema “si neno”, tena kwa tabasamu. Moyoni tulikuwa tukihesabu. Tulifika hata kumwona rafiki akija kwa mbali, tukaingia ndani na kujifanya tumelala.

Mmoja wa kundi letu ni karani wa mahakama, naye akatufungua macho. Alisema: “Yaya, wewe wachanganya mambo mawili. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni ya zamani kuliko babu zetu na ingali yatumika katika nchi yetu, yajua kuazima, ambako hakuna malipo, na yajua kukodi, ambako kuna bei. Chagua moja.” Akaongeza kwamba mwenye kukodi apaswa kukitumia kitu kama baba mwema wa jamaa. Maneno hayo yalitupendeza sana. Usiku uleule tuliyaandika juu ya karatasi, na chini yake tukaweka bei: franka 5.000 kwa asubuhi moja. Kisha tukaandika kwa herufi kubwa: ANAYEVUNJA ANALIPA.

Mama alisoma karatasi ile karibu na taa. Akauliza: “Baba, wataka kuwauzia rafiki zako urafiki?” Tukajibu kwamba hatuuzi urafiki, twaulinda. Hakujibu, aliendelea kuchambua maharagwe. Kusema kweli, tuliona jibu letu kuwa zuri sana.

Na kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mtu aliyelipa haogopi kuomba, na mwenye kupokea hana haja ya kujilaza kitandani saa nne ya asubuhi. Tulinunua daftari: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Kwa kuwa wapandaji hawalingani kimo, tulichora alama kwa misumari kwenye bomba la kiti, kila mtu alama yake. Ya mwalimu juu kabisa, ya mshona nguo karibu na kiunzi. Anayekaa chini mno huumia magoti, anayekaa juu mno huyumba kiunoni kama bata. Kabla ya kutoa tulibana breki, tukazungusha magurudumu, tukabonyeza matairi. Tulijiona mafundi.

Dominika moja ya Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, mwalimu aliikodi baisikeli peke yake, sisi tukiwa na msiba upande wa mama. Aliirudisha kabla ya saa sita, imeoshwa, inang'aa kuliko alivyoichukua. Tulimsifu mbele ya watu. Tukasema: “Tazameni baba mwema wa jamaa!” Yeye aliinamisha kichwa, akaaga upesi. Sisi tukadhani ni unyenyekevu.

Dominika iliyofuata ilikuwa zamu ya mwanafunzi mmoja, mtoto wa jirani, kijana wa miaka 17, mwembamba, mwenye mapafu ya ajabu. Mama yake ni mjane auzaye unga wa mahindi. Yeye ndiye aliyemtafutia zile franka 5.000, tena si kwa urahisi. Tulibana breki, tukazungusha magurudumu, tukabonyeza matairi. Tukaondoka naye, sisi juu ya baisikeli ya kuazima ya karani. Alitutangulia tangu nyumba za mwisho za mji. Tulifurahi kumwona mgongo.

Mbuzi alikata njia. Kijana alifunga breki ya mbele kama ipasavyo, wala hakumgusa mbuzi. Lakini tulisikia mlio mkavu, kama wa fimbo inayovunjwa gotini, na tukaona gurudumu la mbele likienda upande wake na kijana akienda upande wake. Uma wa mbele, ule unaolishika gurudumu, ulikuwa umekatika. Alianguka juu ya bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na ngozi ya shavu ilibaki barabarani. Watu wa makala ndio waliotusaidia. Mmoja alishusha magunia yake yote kando ya njia ili ampakie kijana, naye aliisukuma baisikeli yake hadi tulipopata gari. Hatukuuliza jina lake, na hilo latuumiza hata leo.

Jioni tulipeleka vipande kwa fundi. Alitazama mahali palipokatika, akatuita karibu na mwanga. Sehemu moja ya jeraha la uma ilikuwa nyeupe, ikimetameta; sehemu nyingine ilikuwa nyeusi, imeingia uchafu. “Hapa peupe ni leo,” alisema. “Hapa peusi ni zamani. Uma huu ulikuwa umepasuka kabla.” Akatueleza jambo ambalo ingetupasa kulijua miaka yote ile. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, hivi kwamba mtu mwenye macho huonywa. Aluminiamu yaweza kupata ufa mdogo chini ya rangi, ikanyamaza, kisha ikakatika siku moja bila kuaga. Baisikeli ya aina hii ikianguka vibaya, uma lazima utolewe na kutazamwa, hata kama kwa nje hauna mkwaruzo.

Hatukuwa na haja ya kufungua daftari. Lakini tulilifungua.

Mwalimu alikuja mwenyewe Jumatano usiku, umeme ukiwa umekatika, akasimama mlangoni bila kuketi. Alikuwa ameteleza karibu na daraja dogo, gurudumu likagonga ukingo wa mfereji. Aliikagua baisikeli mara tatu, asione kitu. “Yaya,” alisema, “nilisoma karatasi yako. Anayevunja analipa. Nikajiuliza: je, nimevunja? Sikuona kilichovunjika. Kama ningekuambia nimeanguka, ungetafuta mpaka upate, na mimi mshahara wangu waujua.” Akanyamaza. “Ungekuwa umeniazima bure, ningekuambia.”

Tulitaka kukasirika, kwa maana tulikuwa tumejitayarisha kwa hasira siku tatu. Hasira haikuja. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kweli, na si kweli. Zamani za kuazima bure, nani alituambia juu ya mnyororo na vali? Hapana hata mmoja. Lakini karatasi yetu ilikuwa imefanya jambo baya zaidi: ilimfundisha mtu mwema kunyamaza. Tulimwuliza kila mtu saa ya kurudi. Hatukumwuliza mtu yeyote kama ameanguka.

Na yule karani, tulipomwendea kulalamika juu ya rafiki yetu, hakututuliza. Alisema sheria ileile yampasa pia mwenye kukodisha akitoe kitu katika hali njema, na kwamba sisi tulikuwa tumenakili nusu tu, ile nusu iliyotupendeza. Tulipokea franka 5.000 za mjane kwa uma uliopasuka. Tulikuwa tumebonyeza matairi!

Gharama za hospitali tuligawana na mwalimu sawasawa. Yeye alilipa kwa miezi minne, nasi hatukumhimiza. Tulikwenda pamoja kwa mama wa kijana, na mwalimu akasema yote bila kuficha, akiwa amesimama. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Alisema neno moja tu: “Nanyi ni watu wazima.” Kisha akarudi kupima unga wake.

Karatasi ya zamani tuliitoa ukutani. Baadhi ya wenzetu walitushauri tuache kabisa kukodisha, tuifungie baisikeli chumbani iwe yetu peke yetu. Hatukukubali, chombo cha furaha kikae gizani siku sita, na vijana mtaa mzima wanakitamani? Wengine walitaka turudie kuazima bure. Hilo nalo hatukulikubali, maana tunajijua. Bei ni ileile. Ila franka 1.000 katika kila 5.000 zatumbukia katika mkebe wa maziwa ulio juu ya kabati, na mkebe huo ndio ulipao kilichoharibika, mradi mtu aseme siku hiyohiyo. Anayerudi hatumwulizi saa. Twamwuliza: “Umeanguka?” Akisema ndiyo, twampa kiti na maji ya kunywa, kisha gurudumu la mbele latolewa mbele ya macho yake. Mwezi wa kwanza watu watatu walisema ndiyo. Tulistaajabu: je, zamani walikuwa hawaanguki?

Mwalimu bado apanda pamoja nasi. Alama yake ingali juu ya bomba la kiti. Hatusemi kwamba mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Anapolipa hutuwekea fedha mezani, hatupi mkononi tena.

Uma mpya ni wa chuma. Ni mzito, na rangi yake hailingani na kiunzi, hata watu wa makala hutucheka zaidi. Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekwisha, lango liligongwa siku ya Jumamosi. Alikuwa yule kijana, mkono umepona, kovu shavuni, na nyuma yake mama yake na kitambaa chenye franka 5.000 zilizokunjwa. Kijana alitazama baisikeli, hakutazama kitu kingine. Mama yeye hakutoa fedha mara moja. Aliizunguka baisikeli pole pole, kama mtu anunuaye mbuzi sokoni, akasimama mbele yake.

“Baba,” alisema, “toa gurudumu hili. Nataka kuuona huo uma.”

Tukapiga magoti, tukalitoa.