Bustani ya Julai, Baraka na Des Moines

Mwezi wa Julai bustani za maua za Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, huwa zimefurika. Zinia, alizeti, dalia na kana huchanua kwa wakati mmoja, na nyuki hawapumziki tangu asubuhi. Julai hiyo hiyo Baraka, mji wa eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mvua ilishakatika tangu Mei. Vumbi la barabara ya kwenda Fizi limetanda juu ya majani ya mihogo, upepo wa ziwani unakausha kila kitu, na mbele ya nyumba nyingi kinachong'aa ni bogenvilia peke yake.

Neno kiangazi lenyewe huleta mkanganyiko. Kwa mtu wa Fizi, kiangazi ni ukame, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati ambapo mimea hujikunyata kungoja mvua. Kwa jamaa zake walioko Iowa, neno hilo hilo hutumika kwa majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya mvua za radi, majani mabichi na maua. Kwa hiyo picha ya "maua ya kiangazi" inayotumwa kwa simu kutoka ng'ambo humshangaza bibi aliyeko Baraka, na ana haki ya kushangaa.

Chanzo cha tofauti hii ni jua. Baraka iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na huko siku ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kuliko zote kwa nusu saa hivi tu. Mwanga ukiwa ni ule ule mwaka mzima, mvua ndiyo inayoamua. Des Moines iko nyuzi 41 na nusu kaskazini. Mwishoni mwa Juni mchana wake hufika saa 15 na robo, na mwishoni mwa Desemba hushuka hadi saa 9. Kati ya barafu ya mwisho ya majira ya kuchipua na ile ya kwanza ya Oktoba kuna miezi mitano hivi. Ndani ya miezi hiyo mmea unaoanza kwa mbegu hauna budi kuota, kukua, kuchanua na kufunga mbegu mpya, kwa kuwa baada ya hapo ni kifo. Wingi wa maua ya Julai ni haraka ya mimea isiyo na muda.

Bogenvilia ya Baraka haina haraka hiyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Likitazamwa kwa karibu, kinachoitwa ua lake ni majani matatu mepesi kama karatasi, yenye mishipa inayoonekana, yaliyogeuka rangi ya zambarau au nyekundu. Maua halisi yamo katikati: vineli vitatu vyembamba, kila kimoja kikiwa na kinywa cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Mmea huu ukipewa maji mengi huota majani tu. Ukikaushwa kidogo ndipo unapochanua. Ndiyo maana hunawiri pale ambapo bustani ya Iowa ingekufa kwa kiu ndani ya wiki mbili.

Mahali pa kupandia napo panatofautiana. Iowa eneo la mbele ya nyumba hufunikwa nyasi, na miji mingi ya Marekani ina kanuni zinazomlazimu mwenye nyumba kuzikata zisirefuke. Maua hupangwa kandokando ya nyasi hizo kama upindo wa kanga. Katika parseli ya Baraka au Fizi, uwanja wa mbele hufagiwa kila asubuhi hadi ubaki udongo mtupu, ili nyoka aonekane na watoto wacheze. Nyuma ya nyumba ni pa chakula: sombe, lengalenga, matembele, migomba, labda mchikichi mmoja. Maua huachiwa kingo, yaani kando ya mlango, chini ya dirisha, pembeni mwa njia ya kwenda bafuni, na makaburini. Si kwamba watu wa huko hawapendi maua, kama wageni wengine wanavyodhani. Ardhi ya mboga hailimwi urembo, na maji ya bidoni yaliyobebwa kichwani hayamwagiwi ua. Katika kiangazi ua hupata maji yaliyokwisha kuosha mchele au vyombo.

Adui mwingine ni mbuzi. Ua linalodumu katika parseli isiyo na uzio ni lile ambalo mbuzi halitaki, na mfano mzuri ni vinka, lenye petali tano za waridi au nyeupe na kitone katikati. Asili yake ni Madagaska. Majani yake ni machungu na yana sumu, na katika sumu hiyo zimepatikana dawa za vinkristini na vinblastini zinazotibu saratani, ikiwemo ile ya damu kwa watoto. Nyumbani, vinka moja huishi miaka. Iowa huuzwa Mei katika vikopo vya plastiki na kutupwa vuli, kana kwamba liliumbwa kwa majira mamoja tu.

Hapo ndipo mtu aliyetoka Fizi akafika Iowa, hata kama alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, Tanzania, hujikuta yuko mbele ya wenzake bila kujua. Mimea mingi inayouzwa ng'ambo kama maua ya majira ya joto ni ya nchi za joto, na yeye ameiona tangu utotoni. Kinachomshinda ni kalenda. Akipanda Aprili kwa sababu jua limewaka siku tatu, barafu ya usiku mmoja huunguza kila kitu. Wenyeji hungoja Mei. Jambo jingine ni kukata. Zinia likiachwa na vichwa vilivyokauka huanza kupunguza maua. Vichwa hivyo hukatwa mara kwa mara ili lichanue tena. Kukata maua mabichi na kuyaweka mezani si desturi ya Baraka, ambako hukatwa kwa ajili ya altare, mazishi, au lango la harusi linalosukwa kwa makuti ya mchikichi. Kosa la upande wa pili hutokea pia: anayerudi nyumbani na vitunguu vya tulipu huvizika bure, kwa kuwa tulipu huhitaji baridi ya wiki 12 au zaidi ardhini kabla ya kuchanua, na ufuko wa Tanganyika hauna baridi hiyo.

Kana ndilo ua linaloonyesha tofauti yote. Majani yake ni mapana kama ya mgomba mchanga, maua yake mekundu au ya manjano, na mbegu zake nyeusi ni ngumu kama risasi. Chini ya udongo lina shina nene lenye vifundo kama tangawizi. Iowa, mara tu barafu ya kwanza inapoyachoma majani katika Oktoba, mashina hayo huchimbuliwa, hukung'utwa udongo, huanikwa siku chache, kisha huwekwa katika sanduku lenye maranda makavu kwenye chumba cha chini ya nyumba, pasipoganda, hadi Mei. Yakiachwa nje huoza yote. Katika wiki hizo hizo mvua za kwanza hunyesha Baraka. Kana lililokaa kimya chini ya dirisha tangu Juni hutoa vichomozo vyekundu, na mwenye nyumba huchukua jembe, hukata kipande chenye macho mawili au matatu, na kumpa jirani akapande siku hiyo hiyo.