Amesahau, Lakini Anasikia

Mama mwenzangu, wengi wetu tunaishi na mzazi au mkwe ambaye uzee umeanza kumpokonya kumbukumbu. Anauliza swali moja mara kumi. Anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Nyumbani tumemzoea. Lakini akilazwa hospitali taabu yake huzidi, kwa kuwa kitanda ni kigeni, taa zinawaka usiku na nyuso hazijui. Hapo ndipo mwenendo wetu sisi watumishi wa afya unapopimwa.

Ugonjwa huu, ambao hospitalini tunauita dimenshia, si laana wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakakuta takriban 6 kati ya kila 100 wanao. Na sisi huku Tanga tunawapokea wodini.

Katika wodi moja niliyofanyia kazi alilazwa bibi mwenye nimonia. Usiku alishuka kitandani mara kwa mara akisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mtumishi mmoja akamwita kichaa mbele ya wagonjwa, wengine wakacheka. Kisha akafungwa mikono kitandani kwa bandeji. Nilipoingia zamu ya asubuhi nilimkuta analia kimya kimya, shuka zimelowa. Nilimfungua, nikamwita mhudumu mmoja, mwenyeji wa Mkinga. Akamsikiliza, akaniambia, "Sista, bibi anaongea Kidigo. Anasema aliomba kupelekwa chooni."

Mgonjwa wa namna hii aghalabu hupoteza kwanza aliyojifunza baadaye, akarudia lugha ya utotoni. Nililipeleka jambo hilo kwa msimamizi wa wodi, tukakaa kikao. Wenzangu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wawili tu kwa wodi nzima usiku ule. Lakini uchovu haukuwapa ruhusa ya kumfunga mama wa watu na kumcheka.

Tulikubaliana mambo machache. Tumwamkie mzee shikamoo na kumwambia tunachotaka kufanya kabla hatujamgusa. Tumsitiri tunapomwosha. Tusimjadili juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tumpeleke chooni kwa saa maalumu, bila kungoja aombe. Akimwulizia mumewe aliyefariki, tusimjibu kila mara, "Alishakufa," maana kwake huo ni msiba mpya kila siku. Afadhali tumwombe atusimulie habari zake. Dawa ya usingizi isitolewe ili sisi tupumzike. Na akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, tutafute sababu: homa, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, au choo kigumu.

Nawe mama unayemleta mgonjwa, unayo sehemu yako. Mwambie muuguzi jina analolipenda, lugha yake, chakula chake na kinachomtuliza. Eleza hali hiyo ilianza lini, kwa sababu aliyeanza kusahau miaka mitatu iliyopita si sawa na aliyebadilika tangu juzi. Mletee kanga yake aliyoizoea. Ikiwezekana, mtu wa nyumbani akae naye, hasa jioni, wakati ambapo wengi huhangaika zaidi. Ukiona amefungwa au anatukanwa, usinyamaze ukiogopa kwamba atanyimwa huduma. Nenda kwa msimamizi wa wodi, uulize kwa heshima. Ni haki yako na yake.

Katika Zaburi ya 71 mzee anamlilia Mungu asimwache nguvu zinapomwishia. Wazee wetu wengi hawawezi tena kulipanga ombi hilo kwa maneno. Wanatutazama tu tunapoingia na sindano au beseni la maji. Bwana atupe uvumilivu, sisi wa wodini nanyi wa nyumbani, tuwasemeshe kwa upole hata wanapotuuliza kwa mara ya kumi na moja.