Nani Anastahili Kutibiwa Ugumba?



Leo tunawaalika tutafakari pamoja jambo ambalo katika familia zetu hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa. Ni ugumba, na swali la nani alipiwe na mfuko wa umma anapotafuta matibabu yake.

Hapa Kidodi swali hili halikutufikia kutoka bungeni wala magazetini. Mwaka 2022 walikuja ofisini kwetu mume na mke, wakulima wa miwa, wenye ndoa ya Kanisa ya miaka saba. Walikuwa wametoka mjini, kwenye hospitali moja kubwa, na kadi ya kaya ya Mfuko wa Afya ya Jamii, waliyoilipia shilingi 30,000. Dirishani waliambiwa kwamba vipimo walivyoandikiwa havimo katika huduma za kadi hiyo. Kipimo cha mke wakakilipia kwa fedha ya miwa. Cha mume wakakiacha. Nyumbani nako hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Mume alikuwa na mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, basi ndugu zake wakasema: "Huyu amekwisha kuzaa, tatizo ni la mke." Wifi mmoja alikuwa ameanza kumtafutia kaka yake mke mwingine.

Tuliwasikiliza, tukaona kwamba dirisha la hospitali na baraza la ukoo vilikuwa vikiuliza jambo moja: nani anastahili?

Wenzetu wenye fedha nyingi kuliko sisi wamejaribu kulijibu swali hilo kwa kanuni. Uingereza, alikozaliwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili, tiba hiyo huweza kulipiwa na huduma ya afya ya taifa. Mwaka 2013 miongozo ilipendekeza mwanamke aliye chini ya miaka 40 apewe mizunguko mitatu kamili, na mwenye miaka 40 hadi 42 apewe mmoja. Lakini wanaoshika fedha ni wakuu wa afya wa kila eneo, nao wameweka masharti yao: umri, uzito wa mwili, uvutaji wa sigara. Katika maeneo mengi wawili hukataliwa iwapo mmoja wao tayari ana mtoto aliyempata kwa mwenzi mwingine. Magomvi juu ya masharti hayo yamedumu miaka mingi.

Sharti hilo la mwisho linafanana mno na hoja ya mashemeji wa Kidodi. Tulipime kwa Maandiko. Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alizaa, Hana hakuzaa. Nyumba ile, kwa hesabu ya karani, ilikuwa na watoto, na Hana angerudishwa kutoka dirishani. Lakini watoto wa Penina hawakumfuta Hana machozi. Naye kuhani Eli, alipomwona akisali midomo ikitikisika bila sauti, alimdhania amelewa. Ndivyo ilivyo rahisi, hata kwa watu wa altare, kumhukumu aliye katika uchungu huu kabla ya kumsikiliza.

Tena hoja hiyo haina msingi wa kitabibu. Aliyezaa jana aweza kushindwa kuzaa leo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba katika maisha yake, na chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Katika Afrika mirija ya uzazi mara nyingi huziba kwa sababu ya maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa mapema, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Hata kichocho, ugonjwa wa maji unaopaswa kututahadharisha sisi tunaoishi kati ya mto Ruaha na mashamba ya miwa, chaweza kudhuru viungo vya uzazi. Maradhi hayo yakiwahiwa yana dawa zisizo ghali.

Tulimweleza mume hayo, naye akakubali kupimwa. Majibu yake ni siri yao. Itoshe kusema kwamba habari ya mke mwingine haikutajwa tena.

Mtauliza, Kanisa lasemaje? Hati Donum Vitae ya mwaka 1987 na Dignitas Personae ya mwaka 2008 zinafundisha kwamba kurutubisha yai nje ya mwili hakukubaliki, kwa kuwa hutenga uzazi na tendo la ndoa, na viinitete vingi hutupwa au kugandishwa. Hati ya pili inataja pia tiba zinazokubalika, kama vile dawa za homoni na upasuaji wa kuzibua mirija. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa hana doa lolote. Kardinali Albino Luciani, muda mfupi kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo I, alimtakia heri mtoto Louise, na hakutaka kuwahukumu wazazi wake.

Kanisa linafundisha pia kwamba mtoto ni zawadi, hadaiwi na mtu yeyote. Wapo wanaosikia hivyo wakahitimisha kwamba serikali isitumie hata senti moja kwa wagumba. Hatukubaliani nao. Mtoto hadaiwi, lakini mgonjwa anadai kutibiwa. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mwalimu asiye na mtoto amekatwa kiwango kilekile cha mshahara sawa na mwenzake mwenye wategemezi wanne. Fedha yake imewatibu watoto wa wengine. Je, siku anapougua yeye, tumwambie kwamba ugonjwa wake ni anasa?

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Msimamo wetu ni huu: kabla ya kugombania nani apewe tiba ya mamilioni, vipimo vya msingi kwa mume na mke pamoja, dawa za maambukizi na upasuaji wa mirija viwe vya wote, mwenye mshahara na mkulima, aliye na mtoto wa nje na asiye naye. Hayo Mkatoliki anaweza kuyadai kwa dhamiri safi.

Nasi parokiani tuna sehemu yetu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba ugumba hauizuii ndoa wala hauibatilishi. Basi ukoo usije kwetu kuomba baraka ya kumfukuza mke. Katika jumuiya ndogo ndogo, ambako kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, tumwite asiye na mtoto kwa jina lake la ubatizo, kwa heshima, wala tusimwulize "mama nani?" Na wanaume wa parokia hii, tunawaomba mtangulie kwenda kupimwa.