Mashine ya Kahawa Inavuja: Nani Alaumiwe?

Chombo kikiharibika nyumbani, mara nyingi swali la kwanza huwa hili: "Nani amekiharibu?" Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza, "Kimeharibika wapi, na kwa sababu gani?" Nimefanya kazi ya ufundi wa bomba miaka mingi hapa Kibaha, nami nimeona kwamba swali la kwanza huleta ugomvi, na la pili huleta dawa. Leo napenda kuwapa wasomaji habari ya mashine moja ya kahawa iliyokuwa ikivuja hapa mtaani kwetu, Kwa Mathias, maana ndani yake mna mafundisho ya ufundi na ya haki pia.

Kwetu sisi watu wa Pwani kahawa si kitu kigeni. Wazee wamekaa barazani tangu zamani wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, imemiminwa kutoka katika dele lililo juu ya makaa, na kando yake kipande cha kashata. Dele halina mpira wala pampu. Likivuja, basi limetoboka, na tundu lake laonekana kwa macho. Lakini siku hizi baadhi ya nyumba zina mashine za umeme zipikazo kahawa ya Kiitaliano iitwayo espreso. Luigi Bezzera wa mji wa Milan aliandikisha mashine yake mwaka 1901; hiyo ilisukuma maji kwa nguvu ya mvuke. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia wa mji uo huo alitengeneza mashine yenye wenzo na springi, ikasukuma maji kwa nguvu kubwa zaidi. Za leo nyingi hutumia pampu ya umeme.

Nguvu hiyo si ya mchezo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo kama paundi 30. Maji yapitayo katika unga wa kahawa ndani ya mashine husukumwa kwa paundi kama 130, nayo ni ya moto karibu ya kuchemka. Maji ya namna hiyo hutafuta upenyo popote. Kinachoyazuia yasitoke ni vipande vidogo vya mpira, ambavyo mwenye mashine huenda hajapata kuviona hata siku moja.

Sasa nieleze habari yenyewe. Mama mmoja jirani yangu aliletewa mashine hiyo na mwanawe. Haikuwa mpya, ilikuwa imetumika mahali pengine kwanza. Kila alfajiri binti wa kazi alipika kahawa, mama akaiuza barazani kwa walimu na wauguzi wanaopita kwenda kazini. Baada ya miezi kadhaa meza ikaanza kulowa. Mama aliamua kwamba binti amelitia ufa tangi la maji alipokuwa akiliosha. Akamkata nusu ya mshahara wa mwezi ili anunue tangi jipya, akamwambia na nusu nyingine itakatwa mwezi ujao. Binti hakujibu neno. Mama akanijia akasema, "Mzee, njoo unitazamie tangi hili, nijue la kununua ni la namna gani."

Nilifika jioni mashine ikiwa imepoa, nikaomba plagi ivutwe. Nikaikausha mashine yote kwa kitambaa, juu, chini na nyuma. Fundi anayetafuta uvujaji juu ya kitu kilicholowa hujidanganya mwenyewe, kwa kuwa maji hutembea. Hutoka hapa, yakadondoka pale. Kisha nikatandika karatasi nyeupe za daftari chini yake, nikaanza kuuliza hatua kwa hatua.

Kwanza, nililitoa tangi, nikalijaza maji, nikaliweka peke yake juu ya karatasi kavu kwa nusu saa. Karatasi haikulowa. Basi tangi halikuwa na ufa, wala vali yake ya chini haikuwa na kasoro.

Pili, nililirudisha tangi mahali pake, mashine ikiwa bado imezimwa. Tukangoja tena. Karatasi ilibaki kavu, maana yake mpira wa kiungo cha tangi na mashine ulikuwa mzima.

Tatu, nilirudisha plagi, nikawasha pampu bila kupachika ule mpini wenye kichujio cha kahawa. Maji yalishuka sawasawa katika trei, na chini ya mashine hapakuwa na hata tone. Basi mirija ya ndani ilikuwa haivuji wakati pampu ikifanya kazi.

Nne, tuliiacha ipate moto, kisha nikamwita binti apike kahawa kama apikavyo kila siku. Hapo ndipo tulipoona. Pampu ilipoanza kusukuma, matone yalitokea ukingoni pale mpini unapopachikwa, yakatiririka juu ya mpini, yakaivuka trei, yakaanguka mezani. Katika matone yale mlikuwa na chembe za unga wa kahawa. Maji ya tangi ni meupe na baridi. Haya yalikuwa ya moto na yenye chembe. Kesi ya tangi ikaishia hapo.

Nikamwuliza binti, "Mpini huu siku hizi unaupachikaje?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Shikamoo, babu. Zamani ulikuwa ukisimama hapa katikati. Siku hizi sharti niukaze mpaka uende kulia sana, na hata hivyo unatoa maji." Ndugu msomaji, katika maneno yale machache mlikuwa na jibu lote. Mpira wa kichwani ukizeeka hupungua na kuwa mgumu, na mpini huzunguka kupita mahali pake pa kawaida. Binti aliijua dalili hiyo kwa wiki nyingi kabla yetu sote. Hakuisema kwa sababu alikwisha hukumiwa. Aliyelaumiwa mapema huogopa kufungua kinywa, na ushahidi wake hukaa kimya pamoja naye.

Nilivuta plagi tena, tukangoja mashine ipoe kabisa. Nikafungua skrubu ya kile kichujio cha juu chenye matundu, nikaung'oa mpira kwa bisibisi nyembamba. Ulitoka vipande vipande, mgumu kama ukucha. Joto la miaka ndilo lililoukausha. Nikasugua mfereji wake kwa mswaki wa zamani mpaka unga wote uliogandamana ukatoka, maana mpira mpya ukikaa juu ya uchafu utavuja kama wa kale. Vile vipande nikampa mama aende navyo kwa muuza vipuri mjini Dar es Salaam, pamoja na kipimo cha upana wa nje, upana wa ndani na unene, kwa kuwa mipira hii hutofautiana na tofauti ndogo yatosha kuharibu kazi. Duka la pili alilofika walikuwa nao. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya tangi. Nilipoutia, mpini ukarudi kusimama katikati, na karatasi ikabaki kavu.

Mwenye mashine kama hii atakutana na mavujo mengine pia, na yafaa ayajue. Maji yanayoingia katika trei mara baada ya kahawa kumalizika si ugonjwa katika mashine nyingi. Ni vali inayotoa nguvu iliyobaki, na dawa yake ni kumwaga trei kila siku isije ikafurika. Mpini ukivuja ilhali mpira ni mpya, tazama ukingo wa kichujio: huenda una unga wa kahawa, au kahawa imesagwa laini kupita kiasi na kujazwa mno. Bomba la mvuke likidondoka hata limefungwa, vali yake imechakaa au imeshikwa na chokaa. Chokaa hiyo hutoka katika maji magumu, hasa ya baadhi ya visima; huganda kama ukoko mweupe uuonao ndani ya birika. Kuisafisha mara kwa mara kwa dawa aliyoagiza mtengenezaji ni bora kuliko kununua vali.

Lakini uvujaji ukionekana wakati mashine ina moto tu, na unatoka ndani chini ya bati, usiendelee. Hilo ni jambo la boila au viungo vyake, na humo mna maji ya moto, mvuke na umeme kwa pamoja. Vuta plagi, mwite fundi. Wala usizibe mahali popote kwa gundi, wala usipake grisi ya gari. Maji yale yanakwenda tumboni mwa watu.

Nirudi sasa kwenye mshahara. Watu wengi hudhani kwamba mfanyakazi wa nyumbani aweza kukatwa fedha kadiri bwana au bibi wa nyumba apendavyo. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, yasema kwamba fedha za hasara zaweza kukatwa tu iwapo hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Tena sharti aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Yule binti alikatwa nusu, kwa ufa ambao haukuwako, bila kuulizwa hata swali moja. Fedha hiyo alikuwa akiipeleka kwao kumsomesha mdogo wake.

Namsifu jirani yangu kwa jambo alilolifanya baadaye. Hakungoja mwisho wa mwezi. Alimrudishia binti fedha yake jioni ile ile, mbele ya watoto wake waliokuwa wamesikia lawama, akasema, "Mwanangu, hukuvunja kitu." Angeweza kuirudisha kwa siri jikoni. Lakini lawama iliyotolewa barazani haiondoki kwa kunong'ona.

Basi, chombo chako kikivuja, kiwe mashine ya kahawa, bomba la uani au jiko la gesi, fanya hivi. Hakikisha kwanza hakuna hatari. Kama ni gesi, funga mtungi, fungua madirisha, wala usiwashe moto wala swichi. Kama ni maji, kausha, tandika karatasi nyeupe, ujue yanatoka lini kabla ya kusema yanatoka wapi. Na yule akitumiaye chombo kila siku mwulize kwa upole, tena mwulize wa kwanza. Yeye ndiye aliye karibu na ukweli.