Mshale wa redio ya zamani: anza na sifuri kabla hujauza

Mmezoea nizungumzie ubwiri unga, salfa na ghala. Leo naomba tuzungumzie redio za zamani, zile zenye kidirisha na mshale. Wanunuzi wa vitu chakavu wanapita vijijini, kuanzia Masasi hadi huku Newala, na redio za wazee wetu zinaondoka kwa bei ya bati.

Yangu niliachiwa na marehemu mjomba. Ni redio ya masafa mafupi, ilitengenezwa Japani miaka ya 1970, na inatumia volti 12, kwa hiyo betri ya sola inaitosha. Mjomba alipofariki, mshale ulikuwa umesimama kwenye S4 hata waya wa antena ukiwa umechomolewa. Ukishika kituo chochote, unaruka hadi mwisho na kugonga ukingo. Fundi mmoja alisema redio imekufa. Mnunuzi akaonyesha mshale kwa kidole na kutaja bei ndogo sana. Ndugu zangu wakataka iuzwe tugawane. Niliwaomba siku mbili.

Niliomba kwa sababu hii: mshale haupimi sauti wala uzima wa redio. Ndani kuna sehemu inayopunguza ukuzaji wa mawimbi kituo kikiwa na nguvu, na kuuongeza kikiwa dhaifu, ili sauti isipande na kushuka ovyo. Mshale unasoma kazi ya sehemu hiyo tu. Redio inaweza kuwa nzima kabisa na mshale ukadanganya.

Fuata hatua hizi kabla hujakubali bei ya mtu:

1. Pima betri kwanza. Umeme ukiwa mdogo, mshale hauwezi kusema kweli.

2. Zima redio. Mshale usipolala kwenye sifuri, tafuta skrubu ndogo usoni mwa mita, kama ipo, uizungushe taratibu.

3. Washa redio, iache kama robo saa ipate joto. Chomoa antena, nenda mahali pasipo na kituo. Mshale ukibaki juu, fundi atafute ndani resista ndogo ya kuzungusha inayohusika na sifuri. Yangu ilikuwa imeshika vumbi. Ilisafishwa, ikazungushwa kidogo, mshale ukashuka.

4. Rudisha antena, shika kituo chenye nguvu isiyoyumba, mchana. Rekebisha resista ya pili, ile ya kipimo cha juu, mpaka mshale usimame mahali utakapopakumbuka. Kisha rudia hatua ya tatu, kwa maana ukigusa moja, nyingine husogea.

5. Mshale ukitetemeka mno, kapasita za zamani huenda zimekauka. Zibadilishwe kwa thamani ileile. Kama unataka mshale utulie bila kubadili sauti, kapasita inaweza kufungwa sambamba na mita. Kwa mita yenye ukinzani wa omu 1000, kapasita ya mikrofaradi 100 huchelewesha mshale kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ya 470 huchelewesha karibu nusu sekunde. Chanya ikae kwa chanya.

Tahadhari tatu. Usiruhusu mtu apime mita yenyewe kwa kipimo cha omu, kwa maana mkondo wake unaweza kuunguza koili. Redio ya vali usiifungue mwenyewe, kwani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Na mvua za radi zikikaribia, chomoa waya wa antena na uutoe nje ya nyumba.

Sasa namba zile zina maana gani? Kwa makubaliano ya mwaka 1981 ya wapenzi wa redio, kwenye masafa mafupi S9 ni mikrovolti 50 kwenye tundu la antena, na kila ukishuka hatua moja, volti hupungua kwa nusu. S8 ni 25, S7 ni 12.5. Redio nyingi za zamani hazifuati hesabu hiyo sawasawa. Kwa hiyo mshale ni wa kulinganisha: kituo kilekile, saa ileile, kimebadilika kitu kimoja tu. Kwa njia hiyo niliona kwamba waya wa mita 10 juu ya mwembe unashinda ule uliopita darini. Niliona pia kuwa mshale ulikuwa unapanda usiku pasipo kituo chochote. Nilizima kichaji cha sola na taa moja ya bei rahisi, ukashuka. Ulikuwa unapima makelele ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya tatu mnunuzi alirudi. Nilichomoa antena mbele yake, mshale ukalala. Nikairudisha, ukapanda taratibu ukasimama. Bei aliyotaja safari hii ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Ndugu zangu waliisikia, wakanyamaza, kisha dada mkubwa akasema redio ibaki.

Nalisema hili kwa wewe usiye na redio pia. Korosho zako hupimwa kwa mizani, na mizani nayo ina sifuri. Kabla gunia halijapanda, itazame ikiwa tupu, na uangalie kama ina alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Isipoanza kwenye sifuri, sema hapo hapo, kwa heshima, kabla karatasi haijaandikwa. Ni haki yako, na anayepima kwa uaminifu hatachukia.

Kazi njema.