Hakuna Aibu Kumwita Fundi wa Nyumba

Ndugu msomaji, mnyororo wa baiskeli ukikatika twaenda kwa fundi. Paa likivuja twamwita fundi. Lakini nyumba ikijaa vitu hata ukakosa pa kuweka mguu, hatumwiti mtu. Twafunga mlango wa chumba, na mgeni akija twamkaribisha barazani. Nami nilikuwa katika kundi hilo mpaka nilipokwenda likizo kwetu Inyonga, Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mkulima wa tumbaku na mrina asali, na Mama hakutupa kitu chake hata kimoja. Chumba kimoja kilikuwa kimegeuka ghala: madebe ya asali, mizinga iliyopasuka, magunia, baiskeli isiyo na gurudumu, redio mbili bubu na makaratasi yaliyorundikana hadi darini.

Siku ya pili, mwanangu wa miaka minne alitoka humo na chupa ya soda, akihangaika kuifungua. Niliinusa. Ilikuwa dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku. Kilichomwokoa ni kifuniko kilichokaza.

Kwa hasira nilitaka kutupa vyote. Mama akasema, "Ukivitupa hivyo, mwanangu, nitupe na mimi." Nikanyamaza.

Ndipo nilipomwendea mwalimu mstaafu wa sayansikimu, tukapatana ujira. Mama alinung'unika: mtu baki aingieje chumbani mwa marehemu? Lakini Mwalimu alifika, akamwamkia, "Shikamoo, dada," akaketi kwanza, akaomba maji ya kunywa. Kazi ilianza kesho yake.

Siku ya kwanza alitoa vya hatari tu: dawa, nyembe, misumari, mafuta ya taa. Dawa zenye chupa zake na maandishi yake zilifungiwa kwenye sanduku nje, mbali na chakula. Ile ya chupa ya soda hakuimwaga mtaroni. Alinituma kwa bwana shamba kuuliza namna salama ya kuiondoa. Akatuonya kwamba chombo kilichowahi kutiwa sumu hakirudi jikoni, hata kikioshwa mara kumi.

Siku ya pili alipanga vikapu vitatu: cha vitu vinavyotumika, cha vya kugawa na cha vilivyokufa. Mama akacheka, akakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma. "Siku hizo tulifyeka hadi nyuma ya choo," alisema. "Ndani ya moyo hatukufyeka."

Siku ya tatu ikawa zamu ya vitu vya Baba. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilienea duniani baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, hushauri mtu ashike kila kitu na kujiuliza kama kinamletea furaha. Kwa mjane, swali hilo lingekuwa kidonda. Mwalimu aliuliza jingine: "Dada, hiki kilikuwa na kazi gani?" Kisha akasikiliza. Mama alisimulia hadi jua likatua. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwahoji watu, sikuwahi kumwuliza mama yangu neno hilo.

Alipomaliza, yeye mwenyewe aliyatoa madebe kwa mrina asali jirani. Alibakiza shoka la kuchongea mizinga, koti na redio moja. Katika makaratasi tukaziona stakabadhi za kiwanja tulizozitafuta tangu matanga.

Msomaji wangu wa mjini, huenda wewe unakaa chumba kimoja na watoto watatu, na hapo kila pembe ni ghala. Kama huna fedha za ujira, mwombe mwalimu, muuguzi au mama mwenye busara mtaani akusaidie, kwani jicho la mgeni huona tulichokwisha kukizoea. Anzeni na vya hatari, kisha vilivyokufa. Vya kumbukumbu viwe vya mwisho. Wala usitupe kitu cha mwenzio kabla hujamsikiliza.

Nasi tusingoje mtoto atufundishe. Ile chupa iliyo chini ya kitanda chako, ndugu, ina nini ndani?